Sura ya Sita: Fungate ya Malipo ya Jumla

Mgeni anayefika katika hoteli kubwa za Nungwi, Kendwa au Kiwengwa, kule Unguja, hufungwa bangili ya plastiki mkononi kabla hata hajaoneshwa chumba. Kuanzia hapo hagusi tena fedha. Anakula asubuhi, mchana na jioni, anakunywa bia au juisi ya ukwaju saa anayotaka, anacheza mpira wa wavu mchangani, na hakuna anayemletea bili. Alikwisha kulipa, pengine miezi mitano nyuma, kwa wakala wa safari wa Milano au Praha. Mtindo huu nitauita malipo ya jumla, na katika biashara nzima ya utalii sioni wateja unaowafaa kuliko maharusi.

Nimeutengea sura kamili kwa sababu swali la kununua fungate ya namna hii limeshafika kwetu, mashariki mwa Kongo. Kijana wa Mutwanga mwenye kakao ya kutosha, au mfanyabiashara wa Butembo anayeoza bintiye, anajua njia: barabara hadi Kasindi, kuvuka mpaka wa Uganda kwenda Mpondwe, Kasese, kisha Entebbe na ndege ya Zanzibar. Anachokosa ni maelezo ya kile anachokinunua, na ya mahali fedha zake zinapokwenda akishazitoa.

Tuanze na hamu yenyewe, maana ni hamu halali. Harusi yetu sisi Wanande ni hesabu toka mwanzo hadi mwisho. Mahari yetu huhesabiwa kwa mbuzi, na kila mbuzi ana mtu wake ndani ya ukoo. Baada ya mbuzi huja kamati, na kamati huja na daftari la michango: mchele, bia, sare za wasindikizaji, mpiga picha, malipo ya ofisi inayoandikisha ndoa, sadaka ya kanisa. Usiku wa harusi unapofika, wawili hao wamechoka kuhesabu kuliko walivyochoka kucheza. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kwa siku saba hatahesabu chochote ni kumpa zawadi ya kweli. Anayeicheka hamu hii hajawahi kuwa mweka hazina wa harusi.

Na pwani waliijua zamani sana. Katika fungate ya Waswahili, maharusi walikaa ndani siku saba, wakihudumiwa na somo aliyemfunda bibi harusi, bila kupika, bila kuchota maji, bila kwenda sokoni. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza mila za harusi za watu wake katika kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Ukisoma desturi zile kwa jicho la uchumi, utaona kwamba ahadi yake ni ile ile ya hoteli ya leo: kaeni, kuleni, msihesabu. Tofauti iko katika njia ya fedha. Kuku wa fungate alinunuliwa kwa jirani, samaki kwa mvuvi wa mtaani, na somo alipewa haki yake mkononi. Gharama ilizunguka mtaa ule ule uliopiga vigelegele.

Mtindo wa hoteli ulizaliwa mbali na huko. Mwaka 1950 Gérard Blitz, Mbelgiji wa Antwerp aliyekuwa mchezaji wa polo ya majini, alianzisha kambi ya likizo huko Alcúdia, katika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Wageni walilala kwenye mahema yaliyotoka kwa kampuni ya familia ya Trigano ya Ufaransa. Ndiyo ilikuwa Club Méditerranée. Ulaya ilikuwa imetoka vitani miaka mitano tu kabla, na Blitz alitaka watu wasahau upungufu na foleni. Baadaye, ili noti zisionekane kambini, wageni walivaa shanga shingoni na kulipia vinywaji kwa shanga hizo. Bangili ya plastiki ya Nungwi ni mjukuu wa shanga zile.

Waliougeuza mtindo huo kuwa wa maharusi ni Wajamaika. Mwaka 1978 John Issa alifungua hoteli ya Couples mjini Ocho Rios, isiyopokea ila watu wawili wawili. Miaka mitatu baadaye Butch Stewart, mfanyabiashara aliyepata fedha zake kwa kuuza viyoyozi, alinunua hoteli iliyochoka huko Montego Bay na kuanzisha Sandals. Jamaika ya miaka ile ilikuwa na sifa mbaya ya ghasia za kisiasa, na watalii waliogopa kutoka nje ya geti. Hoteli iliyoweka kila kitu ndani ya geti ikawa jibu. Hapa naomba msomaji wa Beni asimame kidogo, kwa sababu jambo hili linatugusa sisi: malipo ya jumla hustawi palipo na hofu. Kadiri mgeni anavyouogopa mji, ndivyo hoteli inavyomuuzia ukuta.

Sasa, hoteli inapataje faida kwa mtu anayekula bila kikomo? Kwanza kwa wingi. Katika wageni mia tatu kuna anayekunywa kupita kiasi na kuna asiyekunywa kabisa, na bei hupangwa kwa wastani. Maharusi wanaolala hadi saa nne asubuhi na kukosa chai wanamlipia jirani aliyejaza sahani mara tatu. Pili kwa uhakika. Mpishi anajua leo atapika kwa watu wangapi, meneja anajua vyumba vingapi vimeuzwa hadi mwisho wa msimu, na benki inaona hivyo hivyo. Wakala wa Ulaya hununua vyumba kwa jumla pamoja na viti vya ndege ya kukodi, naye kwa kununua vingi hushusha bei kwelikweli. Tatu kwa kuchagua kinachomwagwa bure: vinywaji vya bei nafuu viko ndani ya bangili, vya chapa kubwa viko nje yake.

Na hapo ndipo maharusi wanapokuwa wateja wa thamani. Hoteli huwapa maua kitandani na keki ndogo, mara nyingine punguzo kwa anayeonesha cheti cha ndoa, lakini chakula cha jioni cha wawili tu ufukweni, usingaji wa mafuta, picha za machweo na safari ya ngalawa ni vya kulipia pembeni. Nani atamnyima bibi harusi machweo? Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza orodha ya yale yasiyomo.

Bahari yenyewe ina neno lake katika hesabu hii. Pwani ya mashariki ya Unguja maji hukupwa mbali sana, na kwa saa kadhaa mgeni anatazama mchanga, mwani na miamba badala ya kuogelea. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali hivyo. Ndiyo maana ardhi ya huko imegombewa sana, na ndiyo maana hoteli za mashariki lazima ziwe na bwawa zuri la kuogelea.

Bwawa linataka maji matamu, na Zanzibar haina mito mikubwa. Maji hutoka ardhini, katika mwamba wa matumbawe, na yakivutwa kupita kiasi chumvi ya bahari hupenya kisimani. Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilitoa ripoti kuhusu vijiji vya Kiwengwa, Nungwi na Jambiani: nyumba ya mwenyeji ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku, chumba cha nyumba ya wageni lita 686, na chumba cha hoteli ya nyota tano hadi lita 3,195. Takwimu hizo zinaniuma hadi leo. Na watumiaji si wachache: mwaka 2023 visiwa vya Zanzibar, vyenye wakazi karibu milioni 1.9, vilipokea wageni zaidi ya 638,000.

Nje ya ukuta wako wale ambao Waunguja huwaita papasi, vijana wanaotembeza vinyago, safari za pomboo na madafu. Wageni huwaona kero. Lakini mtu ambaye amekwisha kulipia chakula chote hana sababu ya kula pweza kwa mama ntilie wa kijijini, na papasi anaongeza sauti kwa sababu wateja wamepungua. Kinachovuka ukuta kwa uhakika ni mishahara, na mishahara si kitu kidogo. Nimesikia wakubwa wakiidharau, jambo lisilo haki kwa mhudumu anayesomesha wadogo zake. Hata hivyo tiketi ya ndege, kamisheni ya wakala, na mara nyingi faida ya mwenye hoteli havifiki kisiwani kabisa.

Turudi Mutwanga. Sisi hatuna bahari, tuna mlima wa Ruwenzori. Wabelgiji, waliounda Hifadhi ya Albert mwaka 1925, ile tunayoiita sasa Virunga, waliwaleta wageni hapa, wakajenga hoteli chini ya mlima na vibanda njiani: kutoka Mutsora hadi Kalonge, Mahangu, kisha Kyondo juu ya mita 4,000, kuelekea kilele cha barafu cha Margherita chenye mita 5,109. Kusini, mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, kuna Ishango, penye ufuko wa mchanga na viboko, na samaki wa wavuvi wa Kyavinyonge hawako mbali. Vita na mauaji ya waasi wa ADF vimeifunga njia hiyo ya mlima kwa wageni, na sitamshauri mtu yeyote kuipanda leo.

Lakini mfano wa njia nyingine ya fedha tunao. Kwenye Ziwa Kivu, hifadhi ya Virunga iliweka mahema katika kisiwa cha Tchegera, ambako bei ya usiku ilijumuisha na chakula, kama hoteli yoyote ya maharusi. Tofauti ni kwamba mwenye hoteli ndiye hifadhi yenyewe, nayo imeahidi asilimia 30 ya mapato ya utalii kwa miradi ya jamii. Hapa Mutwanga, kwa juhudi za hifadhi hiyo hiyo, umeme wa mto Butahu ulianza mwaka 2013, kiwanda cha sabuni kikanunua mawese ya wakulima, na kakao yetu ikaanza kutengenezwa chokoleti hapa hapa badala ya kupakiwa mbegu tupu.

Kwa hiyo siku mlima utakapofunguka, na mwekezaji akaja na ramani ya hoteli ya fungate yenye bwawa na bangili, jambo la kujadili naye kwanza ni mkataba wa jikoni: tilapia itatoka Kyavinyonge au itakuja imeganda kutoka ng'ambo? Kahawa ya asubuhi ni ya mteremko huu au ya kopo? Chokoleti kwenye mto wa maharusi imetengenezwa wapi? Maswali hayo yaulizwe kabla msingi haujachimbwa, kwa sababu mpishi mkuu akishazoea muuzaji wa mbali anayeleta kilo zile zile kila Jumanne, mkulima wa Mutwanga atahitaji miaka mingi kupata zamu ya kupeleka mzigo wake getini.