Karafuu na Maumivu ya Jino

Mtu aumwapo na jino usiku, na hospitali iko mbali, mara nyingi hushauriwa atafune karafuu, au aweke jinoni pamba iliyochovywa katika mafuta yake. Baada ya dakika chache maumivu hupungua. Je, jino limepona?

Kinachotuliza maumivu hayo ni eujenoli, kampaundi ambayo molekuli yake ina atomi 10 za kaboni, 12 za hidrojeni na 2 za oksijeni. Ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Huko Wawi, kisiwani Pemba, mafuta hayo hukenekwa kwa mvuke kutokana na makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Hata katika maabara ya shule, mwalimu wa kemia aweza kuyapata kwa njia hiyo hiyo.

Habari za maumivu husafiri katika neva kwa njia ya umeme mdogo, ambao hutokea ayoni za sodiamu ziingiapo ndani ya neva kupitia vijilango maalumu. Eujenoli huvizuia vijilango hivyo, na neva hunyamaza. Aidha, huua baadhi ya bakteria.

Madaktari wa meno huichanganya eujenoli na unga wa oksidi ya zinki. Viwili hivyo huungana kikemia vikawa saruji ngumu, ambayo huziba tundu la jino kwa muda na kutuliza maumivu. Lakini saruji hiyo haifai kuwekwa chini ya kijazio cha resini, kwa sababu eujenoli huzuia resini isigande ipasavyo.

Basi, jibu la swali letu ni hapana. Neva imenyamaza, lakini uozo ungali unalila jino. Usaha waweza kujikusanya mzizini na maambukizo yakaenea tayani. Tena, mafuta yasiyozimuliwa huunguza ufizi. Wamekwisha kuonekana watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 tu za mafuta hayo, wakapatwa na degedege, wakapoteza fahamu, na maini yao yakadhurika. Kwa hiyo chupa yake yapasa kuwekwa mbali na watoto kama dawa nyingine yoyote.

Karafuu hutupatia nafuu ya kutufikisha kwa daktari. Haichukui nafasi yake.