Ughaibuni na Hamu ya Nyumbani (Sehemu ya Tatu): Wajukuu wa Wageni wa Isiolo

Wiki iliyopita tuliishia kwenye swali. Watu wawili wametoka mtaa mmoja, wakafikia mji mmoja wa ugenini. Kwa nini mmoja hutulia baada ya miezi michache, na mwingine hamu ya nyumbani ikazidi kumla hata baada ya miaka kumi? Wengi husema ni tabia tu: huyu ana moyo mgumu, yule ni mwepesi wa machozi. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu nimezipata Isiolo, mji ambao karibu kila ukoo ulioujenga ulifika ukiwa mgeni.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa na askari wa Kisomali waliowatumikia katika Afrika Mashariki, wengi wao wa ukoo wa Isaaq kutoka Somaliland ya Waingereza. Katika miaka ya 1920 baadhi yao waliwekwa Isiolo na jamaa zao na mifugo yao, wakakutana na wenzao waliotangulia nchini kama wafanyabiashara wa ng'ombe na waongozaji wa misafara ya wawindaji. Kenya ikawajua kwa jina la Isahakia. Waliruhusiwa kukaa na kulisha, lakini katika vitabu vya serikali waliendelea kuwa watu wa kwingine. Sheria ya mwaka 1919 ilikuwa imewatenga na "wenyeji" katika mambo fulani, bila kuwapa hadhi kamili ya Waasia. Mwaka 1936 ilipokuja sheria mpya ya kodi ya kichwa iliyowatoza chini ya Waasia, Isahakia waliikataa wakadai watozwe zaidi. Waliandika barua na maombi hadi London, wakisaidiwa na ndugu zao waliokuwa mabaharia Cardiff na wengine walioko Aden na Hargeisa.

Mtu anayedai kuongezewa kodi huonekana amerukwa na akili, lakini hawa walijua wanachokitafuta. Katika koloni lile hadhi ya mtu iliamua atalazwa wodi gani, atapokelewaje ofisini, na hata akifungwa atapewa chakula gani. Asili ndiyo iliyokuwa sarafu. Kwa hiyo mzee aliyekaa Isiolo miaka ishirini, akaoa hapo, akazaa hapo na kuzika hapo, alilazimika kusimama mbele ya bwana shauri na kueleza kwamba yeye ni wa kwingine, kwamba babu yao Sheikh Isaaq alitoka Uarabuni na kaburi lake liko Maydh, kwenye pwani ya Ghuba ya Aden. Mtu aliyelazimishwa miaka yote kuthibitisha kwamba kwao ni mbali hawezi kulala usingizi wa mwenyeji. Ukiwa wa namna hii huanzia ofisini, ndipo ukahamia moyoni, nami naona wanaoshauri wahamiaji husahau sehemu hiyo ya kwanza.

Hayakuishia kwa Waingereza. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Isiolo ilikuwamo, ilikuwa eneo lililofungwa tangu ukoloni. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali, na Isiolo ndipo kizuizi kilipokaa. Ndiyo maana hadi juzijuzi ulimsikia mtu wa Marsabit au Moyale anayeteremka Nairobi akisema, "Naenda Kenya." Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, kati ya serikali na waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, viliwaacha Waborana wa Waso, yaani wa bonde la mto Ewaso Nyiro, bila mifugo, wengi wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari kama Garba Tulla na Merti, na wengine wakakimbilia Somalia. Mwaka 1989 serikali ikawapanga foleni Wakenya wa asili ya Kisomali wathibitishe uraia wao, na waliopita wakapewa kadi ya pekee ya rangi ya waridi. Mtu aliyezaliwa Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, akaambiwa arudi kwao. Kwao wapi?

Swali hilo lilijibiwa baadaye, kwa namna ambayo wazee wa 1936 wasingeitarajia. Somaliland ilipojitangazia uhuru Mei 1991, miaka mitatu baada ya ndege za Siad Barre, rais wa Somalia, kuubomoa mji wa Hargeisa, baadhi ya Isahakia wa Kenya walikwenda kuiona nchi ya babu zao. Wengine walikuwa wameshafika Uingereza, na wengine wakafuata. Hapo hamu ikageuza uso. Kijana aliyelelewa kwa sifa za miji ya Somaliland, Burao na Berbera, akifika huko, hujikuta akiota jua la Isiolo, adhana ya Msikiti wa Jamia, na magari ya miraa yakiteremka kwa kasi kutoka Maua. Wasomali wa kule wana jina la utani kwa ndugu zao wa Kenya: huwaita "Sijui", kwa sababu ya Kiswahili kinachowaponyoka midomoni kila dakika. Babu aliililia Burao akiwa Isiolo, na mjukuu anaililia Isiolo akiwa Sheffield. Kama hamu ya nyumbani ingekuwa katika damu, mjukuu angepona siku alipokanyaga ardhi ya babu. Haikuwa hivyo, kwa kuwa moyo hushika mahali ambapo mtu alijulikana kwa jina, akatumwa dukani, akakopeshwa, akakemewa na jirani na kuitwa msibani.

Kuna hoja nyingine niliyoisikia mara nyingi, kwamba watu wa kaskazini ni wafugaji wa kuhamahama na kwa hiyo ugenini hauwasumbui. Hoja hii ni ya mtu asiyewahi kuutazama uhamaji wenyewe. Jamii ya wafugaji ikihama, ngamia hubeba miti ya nyumba, mikeka na vibuyu vya maziwa. Mama aliyeifungua nyumba asubuhi ndiye anayeisimamisha jioni, mlango ukitazama upande uleule, na majirani ni walewale. Hata vijana wanaopelekwa fora, yaani kambi za mbali za malisho, na kukaa huko miezi, huenda kwa kundi, tena kila anayepita huulizwa habari kwa kirefu: mvua, visima, ndoa, maradhi. Nyumba yote imesafiri, au habari zake zimesafiri. Binti anayepanda ndege peke yake kwenda Riyadh na begi la kilo ishirini na tatu amefanya jambo ambalo bibi yake mhamaji hakulifanya hata siku moja.

Elimu ya tiba ililichukulia jambo la hamu ya nyumbani kwa uzito tangu zamani. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, alieleza katika tasnifu yake maradhi yaliyowapata Waswisi waliokuwa mbali na kwao: kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, homa, moyo kwenda mbio. Dawa aliyoiamini zaidi ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Karibu karne tatu baadaye, mwaka 1955, Sverre Lysgaard aliwachunguza Wanorwe waliokwenda Marekani kwa masomo na kazi, akadai kwamba mgeni huanza kwa furaha, kisha huporomoka, kisha hupanda tena. Maelezo hayo yalipendwa sana na bado yanafundishwa. Lakini Colleen Ward na wenzake walipowafuatilia wanafunzi wa Kijapani huko New Zealand, wakachapisha matokeo yao mwaka 1998, waliona kinyume chake: dhiki ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni kabisa. Kwa msomaji aliyefika ugenini mwezi uliopita, tofauti hii ina maana kubwa. Usiku wa kwanza wa kulia haumaanishi kwamba umeshindwa, na si wakati wa kuamua kurudi wala wa kuapa kutorudi.

Mmarekani Christopher Thurber alichunguza hamu ya nyumbani kwa watoto waliopelekwa kambi za likizo. Yeye na daktari Edward Walton, katika makala ya mwaka 2007, waliwaonya wazazi wasimwahidi mtoto kwamba akishindwa watakuja kumchukua mara moja. Ahadi hiyo inaonekana ya huruma, lakini humfanya mtoto akae na mguu mmoja mlangoni. Nikisoma hayo nawafikiria watu wazima wetu. "Ni miaka miwili tu, nikipata mtaji narudi." Mkataba unaisha, unaongezwa, na mtu anaishi mwaka wa nane bila kununua hata sufuria nzuri, bila kujifunza jina la jirani, bila kujiunga na chochote, maana anaondoka kesho. Kesho hiyo ndiyo inayomtesa kuliko umbali. Kurudi kunaweza kupangwa, na kupangwe vizuri, lakini siku za kungoja nazo ni umri wake.

Simu sasa imetuletea jambo ambalo Hofer hakulijua. Sikilizeni mazungumzo ya jioni kati ya mama aliye Isiolo na binti yake aliye Doha, wakiitana "hooyo", yaani mama kwa Kisomali:

"Hooyo, mko wazima?"

"Wazima kabisa, hooyo. Na wewe?"

"Niko sawa. Kazi ni nzuri."

Mama hasemi kwamba nyanya mtu amelazwa tangu Jumatatu. Binti hasemi kwamba hajalala vizuri kwa wiki mbili. Kila mmoja anamlinda mwenzake, na kila mmoja anakata simu akiwa mpweke zaidi. Nyanya anapofariki, binti huambiwa baada ya mazishi, pengine baada ya arobaini, na tangu hapo kila "wazima kabisa" humtia hofu. Nimeona familia zilizofanya vizuri zaidi: zimemteua mtu mmoja, mjomba au dada mkubwa, ambaye kazi yake ni kusema kweli pande zote mbili. Tena habari ndogo zisidharauliwe. Bei ya mbuzi mnadani, ugomvi wa bomba la maji, nani ameposwa, nani ameuza shamba: mambo hayo humrudishia aliye mbali nafasi yake kama mtu wa nyumba, badala ya kumbakisha kuwa namba ya kuombwa pesa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunausoma usemi huo kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi nauona ni tiba, kwa sababu jembe ndilo linalomtoa mtu ugenini. Tazameni kinamama wa maziwa ya ngamia wa Isiolo. Wengi waliingia mjini baada ya ukame na vita kuwamalizia mifugo, wakiwa wamepoteza karibu kila kitu. Hivi leo hupokea maziwa kutoka maboma ya mbali, huyanusa na kuyaonja moja baada ya jingine, hutenga yaliyoharibika, huyamimina katika mitungi iliyofukizwa kwa kaa la mti wa porini hadi ndani ikanuka moshi, kisha huyapakia basi la Nairobi yauzwe Eastleigh. Mfugaji anamtegemea mama huyu, mnunuzi anamngoja, dereva anamjua. Mtu wa aina hiyo hana nafasi ya kuwa mgeni Isiolo, hata kama alizaliwa Sericho au Wajir.

Huko nje jembe hupatikana pia: kamati ya kusafirisha maiti, chama cha kila mwezi, zamu ya kuwafundisha watoto Kurani, kumpokea uwanjani aliyefika jana. Chakula nacho kina kazi yake. Mama wa Isiolo anayemfungia mwanawe nyirinyiri huikata nyama vipande virefu, huianika hadi ikakauka, huikatakata vipande vidogo sana, huikaanga kwa mafuta na iliki, kisha huifukia katika samli ndani ya chombo chenye kifuniko kigumu, na hukaa miezi bila kuharibika. Forodha ya Uingereza hairuhusu nyama hiyo ipite. Kwa hiyo mwana afunzwe kuipika kabla hajaondoka, akawaite Mkongo na Mpakistani wa ghorofa ya chini waile pamoja naye.

Lakini ushauri huu wote una mpaka, na lazima niuseme waziwazi. Mfanyakazi wa nyumbani aliyenyang'anywa pasipoti, akafungiwa ndani, akanyimwa mshahara au simu, haumwi hamu ya nyumbani. Ametekwa. Kumwambia avumilie ni kumsaliti. Familia ihifadhi tangu siku ya kwanza nakala ya pasipoti, ya mkataba, na jina la wakala, na kabla ya yote ihakikishe wakala huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mambo yakiharibika, ipeleke habari ubalozini na kwa Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora, iliyoundwa mwaka 2022, isiishie kwa wakala peke yake. Vivyo hivyo aliye huru lakini halali, hali chakula, na anaanza kuwaza kifo, amwone daktari wiki hiyohiyo. Uchovu wa namna hiyo hauponywi na chama wala nyirinyiri.

Limebaki kundi moja ambalo halijaguswa katika mfululizo huu, nalo ni wale wanaorudi. Mwanamke aliyekaa Jeddah miaka tisa anarudi Isiolo, anakuta watoto wanamwita shangazi kwa adabu ya mgeni, mume ana mazoea mengine, na usiku anajikuta akiyawaza maisha ya Jeddah. Habari zake nitaziandika wiki ijayo.