Koti, Cheo na Kilio: Namna Wafanyakazi wa Mukini Walivyojionyesha Kuwa Ndugu

Tunajua wote namna inavyokuwa siku ya kilio mu kambi. Maiti bado haijatoka ku hospitali, na tayari mbele ya nyumba wamama wamejaa, wamefunga liputa ya namna moja. Mtu anayepita mu njia hana haja ya kuuliza. Kwa rangi ya liputa anajua: hawa ni wa shirika fulani, wale ni wa likelemba ya marehemu, na wale vijana wenye tisheti nyeupe ni wa timu yake ya mpira. Hata watoto wanaisoma ile nguo sawa vile wanasoma kitabu cha shule.

Vijana wengi wanafikiri kwamba desturi hii imeletwa na wachuuzi wa maputa. Hapana. Kuvaa namna moja ili watu wajue wewe ni wa nani, ni jambo la zamani mu inchi yetu, na mu kambi za shaba lina historia yake. Sehemu kubwa ya historia hiyo ilifika huku pamoja na lugha hii ya Kiswahili tunayosoma, kwa mguu, kwa njia ya vita na kwa njia ya reli. Jina lake lilikuwa Mbeni.

KUTOKA PWANI

Mbeni ilizaliwa ku pwani ya inchi tunayoita leo Kenya, mu miji ya Lamu na Mombasa, mu miaka ya 1890. Ku pwani waliita Beni. Neno limetoka kwa Waingereza: ni jina lao la kundi la wapiga tarumbeta. Vijana wa Kiswahili waliona waaskari wa Wazungu wakitembea mustari moja, ngoma kubwa mbele, tarumbeta nyuma, nao wakafanya yao. Mtaa mmoja ulishindana na mtaa mwingine: nani amevaa vizuri zaidi, nani amepika chakula kingi zaidi, nani anajua kutunga wimbo wa kumchoma mwenzake bila kumtaja jina.

Kutoka pale ikashuka Tanganyika, ambako Wadachi walitawala. Huko vyama viwili vikawa vikubwa kuliko vyote: Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa juu, watu wa pwani, wenye kanzu na shule. Arinoti walikuwa zaidi wapagazi na watu wa kazi ya mikono, wengi wametoka bara. Kila chama kilikuwa na vyeo: Kingi, Jenerali, Kanali, mpaka chini kabisa kwa askari wa kawaida. Wanawake nao walikuwa na Malkia wao. Mtu mwenye cheo alivaa nguo ya cheo chake, na wadogo wakampigia saluti.

Usicheke bado. Ukiwa Arinoti, ukafika mu mji usioujua, hata mtu mmoja hakujui, ulitafuta Arinoti wa pale. Walikupokea kufuatana na cheo chako, wakakupa mahali pa kulala na chakula. Ukigonjwa walikuangalia. Ukikufa, walikuzika. Cheo kilikuwa sawa vile mukanda wa njia, lakini mukanda uliovaliwa mwilini.

Kisha vita ya 1914 ikaanza. Waaskari na wapagazi wa Waingereza, wa Wadachi na wa Wabeleji walitembezwa Afrika ya Mashariki yote. Waaskari wetu wa Force Publique waliingia Tabora mu mwezi wa 9, mwaka 1916. Mu kambi za namna hiyo watu wa makabila mengi walilala pamoja, wakajifunza Kiswahili pamoja, na ngoma pamoja. Vita ilipokwisha mu 1918, kila mmoja alirudi kwao na ile aliyoiona. Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, na huku kwetu ku Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, Mbeni ikaota mizizi. Na ajabu: hata mahali ambako watu hawakusema Kiswahili nyumbani, nyimbo za Mbeni ziliimbwa mara nyingi kwa Kiswahili.

NANI ATANIZIKA?

Ili kuelewa juu ya nini Mbeni ilipendwa vile mu mukini, tuangalie maisha ya mfanyakazi wa wakati ule. Union Minière ilianzishwa mu 1906, na reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mu 1910. Watu wa kazi waliletwa kutoka mbali, wengine kutoka Rhodesia na Nyasaland, wengine kutoka vijiji vya Katanga na Kasai. Wengi walikuja bila bibi, bila mjomba, bila nkambo. Magonjwa ya mapafu na ya tumbo yaliua wengi. Mtu aliyezaliwa mu kijiji alijua tangu utoto nani atachimba kaburi lake na nani atalia. Mu kambi, nani?

Njo pale chama kilipoingia. Wanachama walitoa franga kila mwezi. Mmoja akigonjwa, wakamtembelea. Akifa, wakanunua sanda na sanduku, wakampeleka kaburini mustari moja, wamevaa nguo zao za cheo. Wazungu wa kampuni waliona ngoma ya Siku ya Mungu, makofia, firimbi, na fimbo zilizoshikwa kama bunduki, wakasema: hawa watu wanatuiga. Hawakuona sanduku la kumi la fedha. Na mimi nafikiri, ile nguo ilikuwa na kazi mbili. Ilimwambia mgeni: «Mimi si mtu bure.» Tena ilimfunga mwenye kuivaa. Mtu aliyetembea mbele ya kambi yote na alama za Kanali begani, kesho yake hawezi kusema hana nafasi ya kwenda ku kilio cha mwenzake. Kambi yote imemwona.

Ni kweli pia kwamba nguo zile zilikula mshahara. Kostimi, viatu vya kungaa, glavu nyeupe: mtu wa kusukuma mikokoteni alizitoa wapi? Wamisionere wengi walichukia Mbeni kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya pombe na nyimbo za kutukana, na pengine kwa sababu chama hakikuomba ruhusa kwao. Bula Matari naye hakupenda kuona Jenerali mweusi ambaye si yeye aliyempa cheo.

MWAKA 1935

Woga huo ulionekana wazi ku ngambo ya mpaka. Mu mwezi wa 5, mwaka 1935, serikali ya Rhodesia ya Kaskazini iliongeza kodi ya wafanyakazi wa miji ya shaba. Habari ilifikishwa vibaya, wengine hawakuelezwa hata kidogo. Kazi ikasimama Mufulira, kisha Nkana, kisha Luanshya. Luanshya, tarehe 29, polisi walipiga risasi, watu 6 wakafa.

Serikali ikaweka tume ya uchunguzi. Tume iliuliza juu ya kodi, mshahara na chakula, lakini iliuliza sana pia juu ya Mbeni: viongozi wao ni nani, wanaandikiana barua na nani, je, ni wao waliopeleka habari kutoka mukini moja mpaka nyingine? Mtu aliyekuwa amejionyesha miaka mingi kila Siku ya Mungu, sasa alitafutwa kwa sababu ya kujionyesha kwake. Alama inayokujulisha kwa ndugu inakujulisha pia kwa polisi.

KALELA: NGUO YASEMA HIVI, WIMBO WASEMA VILE

Mbeni ilififia, lakini haikufa. Ilibadilika. Mu 1951, ku Luanshya hiyohiyo, mwalimu mmoja wa elimu ya jamii, J. Clyde Mitchell, aliangalia ngoma iliyoitwa Kalela, na mu 1956 akaandika kitabu kidogo juu yake. Kitabu hicho kinajulikana mpaka leo ku vyuo vikuu vingi.

Wachezaji walikuwa vijana Wabisa, watu wa kazi. Hawakuvaa ngozi wala manyoya. Walivaa suruali nzuri zilizopigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, nywele zimechanwa. Ngoma zao zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyofunikwa ngozi ya ngombe. Walikuwa na «Kingi» wao, amevaa kostimi nyeusi na kravati, na «Daktari» mwenye kanzu nyeupe na msalaba mwekundu kifuani. Mwanamke alikuwa mmoja tu, «Nesi», naye amevaa nyeupe. Kazi yake ilikuwa kupita kati ya wachezaji na kioo na kitambaa, kila mmoja ajiangalie, afute jasho, abaki safi.

Sasa sikilizeni. Nguo ilisema: sisi ni watu wa mji, watu wa kazi ya kisasa. Lakini wimbo ulisema: sisi ni Wabisa, mfalme wetu ni fulani, inchi yetu ni nzuri, na ninyi makabila mengine mna vituko! Watu wa makabila yale yaliyochekwa walisimama palepale, wakacheka nao, kwa sababu ulikuwa utani. Mbele mababu wa wengine walipigana mikuki. Mu mukini ilibidi wakae mulango kwa mulango, wachote maji ku bomba moja. Utani ulikuwa dawa. Sisi wa Katanga, baada ya ile tuliyoiona mu 1992 na 1993, watu wakifukuzwa ku Likasi na Kolwezi kwa sababu ya kabila, tunajua namna wimbo wa kabila unavyoweza kuacha kuwa utani. Wale vijana wa Luanshya walicheza karibu sana na moto, na walijua.

KOFIA YA WAREGA

Lakini tusidhani kwamba vyama hivi vilianza na tarumbeta za Wazungu. Kule Kivu na Maniema, mu inchi ya Warega, mahali pa zahabu ya Kamituga na mabati ya Kalima, kulikuwa na Bwami tangu zamani za mababu. Si urithi. Mtoto wa mkubwa hakupata cheo kwa sababu ya baba yake tu. Ilimpasa kuonyesha tabia njema, kupata watu wa kumshuhudia, na kulipa mali nyingi. Akapanda cheo kimoja kimoja, mpaka Yananio, na wachache mpaka Kindi, cheo cha juu kabisa.

Mafundisho ya Bwami yalikuwa siri. Sanamu ndogo na sura ndogo za miti na za pembe hazikuonyeshwa ovyo. Lakini kofia ilionekana. Mwenye Bwami alivaa kofia yake, na wale wa juu walipamba zao kwa simbi, makombe na mkia wa tembo. Mtu akimkuta mu njia, alijua amekutana na nani na namna ya kumsalimia. Na jambo la kupendeza kwa wamama wetu: mwanamume hakuweza kufika vyeo vya juu peke yake. Ilihitaji bibi yake aingie naye na apate cheo chake. Mu 1948 serikali ya Wabeleji ilikataza Bwami.

Huko Marekani pia, kulikuwa chama cha Odd Fellows, kilichoanza Baltimore mu 1819, na amri zao zilikuwa kutembelea wagonjwa, kusaidia wenye shida, kuzika wafu na kufundisha yatima. Alama yao ni pete tatu za mnyororo zilizoshikana. Waliivaa ku koti, na mpaka leo unaiona imechongwa ku makaburi ya watu wao.

ALAMA ISIYOTAFUTWA

Wazee wetu waliona pia namna nyingine. Chini ya MPR, chama kilichoanzishwa mu 1967, kila Muzairwa alizaliwa mwanachama, apende asipende. Mkubwa wa kazi asiye na abakosti na ile alama ndogo ya chama kifuani alitazamwa vibaya. Ilikuwa namna moja ya nguo, inchi nzima, kuliko Mbeni yoyote ilivyopata kuota. Lakini hakuna aliyeuliza MPR imzikie baba yake. Tarehe 24 mwezi wa 4, 1990, Mobutu alitangaza kwamba vyama vingine vinaruhusiwa, na mu muda mfupi tu watu walianza kuvaa kravati tena. Alama iliyobandikwa kwa nguvu inatoka bila kuacha hata tundu la pini.

Turudi sasa ku maputa yetu. Mashirika mengi mu makambi yamejua shida hii: mwenzetu amefiwa, na mazungumzo ya kwanza ya kikao ni kitambaa gani, rangi gani, nani atakwenda kukinunua Kasumbalesa. Mama asiyeweza kulipa anajificha nyumbani, hafiki ku kilio, anaona haya. Sehemu nyingine wameamua vile: liputa moja ya shirika, ile ya zamani, inavaliwa ku kila kilio hata ikipauka, na asiye nayo anafunga kitambaa tu ku kichwa. Franga zilizobaki zinakwenda kwa mjane, mkononi mwake, mbele ya mashahidi wawili, kabla ya mwezi kuisha, maana mwisho wa mwezi njo mwenye nyumba anapokuja kubisha.