BREKI YA PIKIPIKI: DISKI ILIYOLIKA NA BOLTI ZILIZOGANDA

Pikipiki imeingia karibu kila kijiji. Inabeba mahindi, maziwa, mbolea na mbegu. Usiku inampeleka mama mjamzito zahanati. Wenye pikipiki wengi wanajali injini na matairi. Breki wanaikumbuka siku inapokataa.

Anayeishi kwenye tambarare atachukua muda kuona hasara yake. Anayeishi milimani ataiona upesi. Chukua barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo, mkoani Tanga. Ni zaidi ya kilometa 30 za kona, na mtu anateremka karibu mita 1,000. Aliyebeba abiria na gunia la viazi anashika breki njia nzima. Diski nyembamba hupata moto haraka. Joto likizidi, mafuta ya breki huchemka na kutoa mapovu. Hapo mkono wa breki unazama mpaka kwenye mpini, na pikipiki haisimami.

Pikipiki nyingi za vijijini zina breki ya diski mbele. Diski ni sahani ya chuma iliyofungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukikamata breki, pedi mbili zinaibana sahani hiyo, moja kila upande. Pedi zinalika, na watu wanajua kuzibadili. Lakini diski nayo inalika, polepole, na huwa inasahauliwa.

Utajuaje kwamba imekwisha?

Tazama kwenye diski yenyewe. Mara nyingi utaona herufi MIN TH, kisha namba, kwa mfano 3.5. Maana yake ni kwamba unene ukishuka chini ya milimita 3.5, diski hiyo haifai tena. Namba ya diski yako ndiyo ya kufuata, si ya jirani.

Sasa pima. Azima kwa fundi kipimo cha kubana, kwa sababu rula ya shule haiwezi kuonyesha nusu milimita vizuri. Kuna jambo la kuangalia hapa. Pedi hazifiki ukingoni mwa diski, kwa hiyo ukingo unabaki mnene kama mdomo wa sufuria. Ukipima juu ya ukingo utajidanganya. Chukua sarafu mbili, zipime pamoja kwanza. Kisha weka moja kila upande wa diski, ndani ya ukingo, upime zote tatu. Toa unene wa sarafu. Kinachobaki ndicho unene wa diski.

Dalili nyingine zinaonekana kwa macho na kwa mkono. Mifereji inayokwaruza kucha ni dalili. Madoa ya buluu yanaonyesha kwamba diski imeungua. Mkono wa breki ukitetemeka unapokamata, huenda diski imepinda. Ufa, hata uwe mdogo kama unywele, hauna mjadala. Pikipiki hiyo isitoke nyumbani.

Bolti zinapogoma

Kununua diski mpya ni rahisi kuliko kuitoa ya zamani. Diski imeshikwa kwa bolti chache, nne au tano au sita. Bolti ni za chuma, lakini habu mara nyingi ni ya alumini. Vitu hivi viwili vikikaa pamoja kwenye maji na tope kwa miaka, vinalana na kushikana. Tena viwanda vingi hupaka gundi kwenye meno ya bolti ili zisilegee njiani. Kwa hiyo bolti ikikataa, usishangae, wala usikasirike.

Wenye plau wanalijua jambo hili. Jembe la plau likilika, bolti zake huwa zimekula kutu msimu mzima. Mwenye pupa anazikata kwa tindo. Mwenye subira anazilowesha jioni na kuzifungua asubuhi. Kwenye plau, bolti ikikatika unanunua nyingine. Kwenye habu, bolti ikikatikia ndani unaweza kununua habu nzima.

Kijana mmoja wa bodaboda alivisha bomba la futi 3 kwenye spana yake, akavuta kwa mwili wote. Bolti mbili zilifunguka. Ya tatu ilikatika, kichwa kikaruka na shina likabaki ndani ya alumini. Kazi ya saa moja ikawa ya siku nne, na siku nne bila pikipiki ni siku nne bila kipato.

Fanya hivi. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, uweke gogo imara chini ya injini, na mtu mwingine akushikie. Toa gurudumu. Kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi, ukiitoa, ifunge kwa waya. Isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Weka kipande cha ubao kati ya pedi, na mkataze kila mtu kugusa mkono wa breki. Ukibonyezwa gurudumu likiwa nje, pistoni zitasukumwa nje na mafuta yatamwagika.

Laza gurudumu chini, mbali na petroli. Safisha vichwa vya bolti kwa brashi ya waya. Kama vina tundu la pembe sita katikati, chokoa tope lote kwa msumari. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Alenki ikiingia nusu, inakula tundu, na tundu likiwa duara umekwisha. Lazima iingie mpaka chini, na iwe ya saizi yake.

Sasa tumia joto. Alumini inapopata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Mimina maji yanayochemka juu ya habu, kuzunguka kila bolti. Kama haitoshi, chukua kipande cha nondo, kiweke kwenye jiko la mkaa mpaka ncha iwe nyekundu. Kigandamize juu ya kichwa cha bolti kwa dakika moja hivi. Joto hilo pia hulainisha gundi. Usitumie moto wa wazi, kwa sababu tairi, beringi na grisi viko karibu.

Bado inagoma? Acha ipoe kabisa, ndipo utie mafuta ya kulegeza kutu. Usiyatie bolti ikiwa ya moto, yanaweza kuwaka. Ukiyakosa, changanya oili nyepesi na mafuta ya taa. Acha usiku kucha. Mafuta yakigusa diski ya zamani si neno, maana inatoka, lakini yasifike kwenye pedi wala beringi. Asubuhi, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, wima, mara kadhaa. Mshtuko huo huvunja kutu ambayo nguvu ya kuzungusha haiivunji.

Kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo. Ikisogea hata unywele, imeachia. Kisha fungua kwenda kushoto, rudi kulia, nenda tena kushoto. Ukisikia inakuwa laini kama inajinyonga, simama. Inataka kukatika. Rudi kwenye joto.

Tundu likishalika, kata mfereji juu ya kichwa kwa msumeno wa chuma, weka tindo kwa mshazari, ugonge kuelekea kushoto. Kichwa kikikatika, usikate tamaa. Toa bolti nyingine na diski, na mara nyingi shina litabaki limechomoza, ulikamate kwa koleo linalojifunga. Likikatika usawa wa habu, mpelekee fundi mwenye drili ya kusimama. Kutoboa kwa drili ya mkono, bila mazoea, hupindisha tundu.

Kufunga diski mpya

Kwangua kutu na uchafu wote pale diski inapokaa. Chembe moja ikibaki, diski itakaa upande na breki itatetemeka. Diski mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa sabuni na maji ya moto, ikaushe kwa kitambaa safi, usiiguse usoni kwa vidole vyenye grisi. Kama ina mshale, uelekee upande gurudumu linakozungukia.

Tumia bolti mpya na gundi ya bolti. Zile za plau unazipaka oili, hizi usizipake, maana zikilegea njiani diski inatoka. Ziingize zote kwa vidole kwanza, kisha kaza kwa kuvuka, moja upande huu, nyingine upande wa pili. Spana fupi na mkono mmoja vinatosha. Bomba la futi 3 libaki ukutani.

Weka pedi mpya pamoja na diski mpya. Pedi za zamani zimeshafuata mifereji ya diski iliyotoka. Sukuma pistoni ndani taratibu, ukiangalia mafuta yasifurike kwenye kopo lake, kwani yanababua rangi. Ukiongeza mafuta, fuata namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa mfano DOT 4. Mafuta ya taa, dizeli au oili ya injini yanavimbisha mipira ya ndani, na breki hufa.

Gurudumu likisharudi, pampu mkono wa breki mpaka uwe mgumu. Mara chache za kwanza hautashika kitu, na wapo waliopanda kabla ya kupampu. Jaribu kwa kusukuma pikipiki kwa mkono, kisha kwa mwendo mdogo mahali tambarare, ukikamata pole pole mara 20 au 30. Siku ya kwanza usishuke mlima na mzigo. Baada ya wiki, angalia tena kama kuna bolti iliyosogea.

Diski ya zamani igonge kwa nyundo mpaka ipinde. Ikitupwa nzima, kuna atakayeiokota, akaisugua kwa msasa na kumwuzia mwingine.