Mchoro wa mishale unaoeleza kwa nini treni husimama, hutembea au hurudi nyuma

BEHEWA la mizigo lililosimama katika stesheni ya Usinge, wilayani Kaliua mkoani Tabora, huonekana kama kitu kisichoguswa na nguvu yoyote. Halisogei mbele wala nyuma. Hata hivyo, fizikia inaonesha kuwa behewa hilo huvutwa na kusukumwa muda wote, na kwamba utulivu wake unatokana na kulingana kwa nguvu hizo, ambazo kitaalamu huitwa kani.

Ili kuzitambua, wanafizikia hutumia mchoro wa kani. Kitu kimoja hutengwa na vingine vyote na kuchorwa kama kisanduku, kisha kila kani inayokifikia kutoka nje huoneshwa kwa mshale. Mshale huelekea upande ambao kani inaelekea, na urefu wake huwakilisha ukubwa wa kani hiyo.

Behewa la tani 40 huvutwa chini na dunia kwa kani ya nyutoni 400,000 hivi. Endapo njia ni tambarare, reli nazo hulisukuma juu kwa kiasi hicho hicho. Mishale miwili, sawa kwa urefu na yenye kuelekeana kinyume, yatosha kueleza kwa nini behewa limetulia.

Kichwa cha treni kinapoanza kuvuta, mshale wa tatu huongezeka kuelekea mbele, na wa nne, wa ukinzani wa magurudumu na hewa, huelekea nyuma. Mwanzoni mvuto huzidi ukinzani, ndipo mwendo huongezeka. Treni ikishika mwendo usiobadilika katika njia iliyonyooka, mishale hiyo miwili huwa sawa tena.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea. Hudhani kuwa kitu kinachokwenda lazima kiwe na mshale wa ziada wa “nguvu ya mwendo”. Mshale huo haupo. Isaac Newton alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1687 kuwa kani huhitajika kubadili mwendo, si kuuendeleza.

Kosa la pili huhusu kani zinazokwenda jozi, na mfano wake unapatikana katika historia ya eneo hilo. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, mizigo kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo ilichukuliwa na wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja mara nyingi ulikuwa na kilo 30 hivi.

Mzigo huo humkandamiza mpagazi kwa nyutoni 300, naye huusukuma juu kwa nyutoni 300. Kani hizo ni sawa, lakini hazifutani, kwa sababu moja humwangukia mpagazi na nyingine huufikia mzigo. Katika mchoro wa mpagazi mwenye kilo 60, mishale ni mitatu tu: uzito wake wa nyutoni 600 na mkandamizo wa mzigo wa nyutoni 300, yote ikielekea chini, na ardhi inayomsukuma juu kwa nyutoni 900.

Umuhimu wa kutenganisha kani kwa namna hiyo huonekana zaidi njia inapopanda mlima. Kwenye mwinuko, uzito huendelea kuelekea chini wima, lakini sehemu yake huvuta behewa kufuata mteremko. Kwa mfano, katika mwinuko unaopanda mita moja kwa kila mita 50 za njia, sehemu hiyo ni moja ya hamsini ya uzito. Kwa behewa la tani 40, ni nyutoni 8,000.

Ukinzani wa gurudumu la chuma juu ya reli ni mdogo mno. Ukikadiriwa kuwa nyutoni 800, hubaki nyutoni 7,200 zinazolivuta behewa chini. Bila breki, baada ya dakika moja tu litakuwa likikimbia kwa takriban kilomita 39 kwa saa. Mabehewa 20 yaliyoungana yatafikia mwendo huo huo, lakini kani ya kuyazuia itatakiwa kuwa mara 20.

Tanzania inafahamu gharama ya mishale hiyo kutolingana. Juni 24, 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,000 katika Reli ya Kati ilishindwa kuendelea kupanda mwinuko mkoani Dodoma, ikarudi nyuma na kugongana na treni ya mizigo eneo la Igandu. Watu 281 walipoteza maisha.

Mchoro pia hufichua jambo ambalo si rahisi kuliona kwa macho. Breki inapobana gurudumu, kani hiyo iko ndani ya behewa lenyewe, hivyo haiingii katika mchoro wa behewa zima. Kinacholizuia behewa ni msuguano wa reli dhidi ya gurudumu. Ndiyo maana reli zikiwa na maji au mafuta, breki nzima yaweza kushindwa, na ndiyo maana vichwa vya treni hubeba mchanga wa kumwaga relini ili magurudumu yasiteleze.

Kwa mwanafunzi anayeanza, kanuni ni tatu: atenge kitu kimoja, aoneshe kani zinazokifikia kutoka nje pekee, na kwa kila mshale aweze kutaja kitu kinachosababisha kani hiyo. Mshale usio na chanzo kinachotajika ufutwe.