Mzigo Ulipwe kwa Uzito Wake

Ndugu msomaji, mahindi ya akiba ya Serikali husafirishwa na malori ya kukodi. Mara nyingi mwenye lori hulipwa kwa kila tani. Je, tani hizo zinajulikanaje?

Tusihesabu magunia tu. Gunia moja laweza kuwa na kilo 90, jingine kilo 100. Ukikisia, lazima mmoja apunjike.

Njia ya haki ni kupima lori mara mbili: likiwa na mzigo, na likiwa tupu. Kisha toa.

Lori na mzigo: kilo 24,600
Lori tupu: kilo 9,600
Mzigo wenyewe: kilo 15,000, yaani tani 15

Lakini angalia! Lori likipimwa na mzigo huku utingo amekaa ndani, halafu likapimwa tupu yeye ameshuka, kilo zake zimeingia kwenye mahindi. Tairi la akiba likishushwa ni vivyo hivyo. Hapo Serikali inalipia mzigo hewa, na fedha hizo ni kodi yetu.

Basi, ndugu karani wa ghala, soma mizani kwa macho yako. Andika namba ya lori, tarehe na vipimo vyote viwili. Ndipo utie sahihi. Karatasi tupu usiisaini kamwe.