Mbwa Mkali na Dhamana ya Mwenyewe

Na Mwandishi Wetu

Watu wa Rufiji hawahitaji kufundishwa maana ya mnyama hatari. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja aliua watu wapatao 35 katika vijiji kadhaa vya huko, na alipouawa ilionekana kuwa alikuwa na jipu kubwa chini ya jino lililovunjika. Watafiti waliochunguza mashambulizi ya simba kusini mwa Tanzania walieleza namna balaa hilo linavyoingia shambani: nguruwe mwitu huja usiku kula mazao, mkulima hulala dunguni kuyalinda, na simba huwafuata nguruwe hadi alipo mwanadamu.

Simba yule hakuwa na mwenyewe. Hapakuwa na mtu wa kuulizwa kwa nini hakumfunga, wala wa kudaiwa fidia. Mbwa ni habari nyingine. Nyuma ya kila mbwa anayelinda shamba la mpunga, boma la ng'ombe au duka la kando ya barabara ya Kilwa yupo mtu aliyemleta, aliyemlisha au aliyenyamaza alipomwona akijizoesha uani kwake. Makala haya yanamhusu mtu huyo.

Je, ukali uko katika mbegu?

Mijini watu hupenda kuhesabu majina ya mbwa wa kutisha: Rottweiler, Pit Bull, German Shepherd, Boerboel. Nchi kadhaa zimetunga sheria kwa kufuata orodha za namna hiyo. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1991, ilipiga marufuku mbegu nne, zikiwamo Pit Bull Terrier na Tosa ya Japani. Kuanzia Februari 1, 2024, katika England na Wales imekuwa kosa kumiliki mbwa aina ya XL Bully bila kibali maalumu.

Hapana shaka kwamba mwili mkubwa na taya zenye nguvu huongeza ukubwa wa jeraha. Lakini mbegu peke yake haitoshi kumweleza mbwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba mbegu hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Sehemu kubwa inayobaki haielezwi na jina la mbegu, na ndani yake yamo malezi, njaa, kupigwa, kufungwa mnyororo tangu alfajiri hadi usiku, na kutozoeshwa watu.

Katika vijiji vya Kibiti na delta ya Rufiji mjadala wa mbegu unatupotosha zaidi. Mbwa wa huko kwa kawaida si wa orodha za Ulaya. Ni mbwa wa kienyeji, mwembamba, wa rangi ya udongo, anayezurura kutafuta chakula. Ndani ya mate ya mbwa huyo, asipochanjwa, inaweza kuwamo hatari ambayo haina Rottweiler aliyechanjwa na kufungiwa uani: kichaa cha mbwa.

Ugonjwa usiosubiri

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Aking'ata, au akilamba kidonda kibichi, virusi huingia mwilini na kusafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa wiki chache, yaweza kufika mwaka. Katika muda huo mtu hujiona mzima kabisa. Dalili zikishajitokeza, kama homa, mfadhaiko, na kuogopa maji hata ya kunywa, tiba karibu haipo tena. Mgonjwa hufa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Takriban visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na watoto wa chini ya miaka 15 ni karibu asilimia 40 ya waathirika. Mtoto yuko chini, uso wake uko karibu na kinywa cha mbwa, na mara nyingi huficha jeraha kwa kuogopa kufokewa.

Na bado kifo hiki kinazuilika kuliko vingi. Chanjo yake ilipatikana tangu mwaka 1885, kwa kazi ya Louis Pasteur wa Ufaransa. Aliyeng'atwa akiosha jeraha mara moja na kuanza sindano bila kuchelewa, anaokoka. Tatizo ni masafa na gharama. Mkazi wa kisiwa cha ndani ya delta hungoja maji yajae, atafute mtumbwi au boti, afike Nyamisati, kisha ashike njia ya Kibiti. Na sindano si moja, bali ni kadhaa kwa siku zilizopangwa. Kwa familia inayoishi kwa mpunga na samaki, nauli za kurudi mara tatu au nne ni mzigo mkubwa. Ndipo baadhi hukatiza dozi baada ya kuona kidonda kimekauka. Kidonda kukauka si dalili ya usalama.

Mbwa ni wa nani?

Ukipita vijijini ukauliza mbwa fulani ni wa nani, aghalabu utajibiwa kuwa ni mbwa wa mtaani tu. Lakini tafiti za Afrika zimeonyesha mara kwa mara kwamba mbwa wengi wanaoonekana kuzurura wana wenyewe. Akifukuza nyani shambani, ni mbwa wetu. Akimng'ata mtoto wa jirani, hana mtu.

Kwetu sisi Waislamu kuna sababu nyingine inayofaa kusemwa wazi. Tunajua hadithi zinazokataza kufuga mbwa bila haja, na zinazoeleza kupungua kwa thawabu za mwenye kufanya hivyo kila siku. Tunajua pia kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito. Kwa hiyo mkulima anayemtegemea mbwa kulinda shamba huona haya kumkiri. Humrushia ukoko wa wali, lakini hampi jina wala hamfungi, na siku ya chanjo hampeleki kwa sababu hataki kuonekana amemshika.

Haya hiyo haina msingi katika dini. Hadithi zilezile zimewatoa katika katazo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Qur'ani, katika Suratul Maida, imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na katika Suratul Kahf imemtaja mbwa aliyekuwa pamoja na vijana wa pangoni. Mtume (s.a.w.) alisimulia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mkulima wa Ruaruke au mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Rufiji na ng'ombe wake, akiweka mbwa kwa haja hiyo, hajafanya jambo la kufichwa. Cha kuogopwa ni kumtumia mnyama na kumkana.

Dhamana katika sharia na katika sheria

Suala la mnyama anayemdhuru jirani si geni katika Uislamu. Suratul Anbiyaa inataja hukumu ya Nabii Daud na Nabii Sulaiman (a.s.) katika kesi ya shamba lililoingiwa usiku na kondoo wa watu. Imepokewa pia kwamba ngamia wa Sahaba mmoja alipoharibu bustani, Mtume (s.a.w.) alihukumu kuwa wenye mashamba wayalinde mchana, na wenye wanyama wabebe dhamana ya uharibifu wa usiku. Ni kweli kwamba asili ya jeraha la mnyama ni kutokuwa na fidia, kwa kuwa mnyama hana akili. Lakini mafakihi wamefafanua kwamba mwenye mnyama aliyekwisha kujulikana kwa madhara, kisha akamwachia, hulipa. Kujua ndiko kunakomfunga.

Sheria ya nchi inakwenda njia hiyohiyo. Kanuni za Adhabu za Tanzania, Sura ya 16, zinahesabu kuwa ni kosa mtu kuacha, kwa uzembe, kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili kwa wanyama. Anayemtesa mbwa kwa njaa na fimbo ili awe mkali anamkosea mnyama kwanza, kisha jirani.

Somo kutoka Pemba

Wapo wanaosema kuwa dawa ni kuua mbwa wote. Jambo hilo limejaribiwa mahali pengi na halikumaliza kichaa cha mbwa, kwani nafasi ya waliouawa huzibwa upesi na wengine wasiochanjwa, na wenye mbwa huwaficha. Kinachomaliza ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka hadi mwaka.

Ushahidi uko karibu nasi. Kisiwa cha Pemba, ambacho watu wake karibu wote ni Waislamu na mbwa wake si wengi, kilianza kampeni za chanjo mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Kampeni zilipolegea ukaingia tena mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa. Chanjo ikarudishwa kwa nguvu, na kufikia 2018 ukaondoshwa mara ya pili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wapemba waliuziba ufa mara mbili.

La kufanya nyumbani

Mwenye mbwa amchanje kila mwaka kupitia kwa afisa mifugo wa kata, pamoja na watoto wake. Amlishe, kwa maana mbwa mwenye njaa ndiye anayezurura. Amfunge au amfungie nyakati ambazo watoto wanakwenda skuli na madrasa. Akiwa hataki kumgusa, atumie kamba na glovu. Najisi huoshwa, lakini uhai ukipotea haurudi.

Mzazi awafunze watoto wasimkimbie mbwa, wasimchokoze anapokula au anaponyonyesha, na waseme mara moja wakikwaruzwa, bila kuogopa kuadhibiwa.

Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, papo hapo, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asitie pilipili, majivu wala mafuta. Na hapa tunasisitiza: asisugue udongo ndani ya kidonda kwa kudhani anatimiza tohara. Hukumu ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, imekuja kuhusu chombo kilichorambwa. Namna ya kutoharisha mwili wenye jeraha aulizwe sheikh baada ya tiba kuanza, kwani dini yetu haimtaki mtu ajidhuru. Mbwa naye, akiweza kukamatwa kwa usalama, asiuawe haraka. Afungiwe na aangaliwe kwa siku 10. Akiumwa au akifa ndani ya muda huo, daktari wa mifugo aarifiwe. Sindano za aliyeng'atwa hazingojei matokeo hayo.

Imamu wa msikiti ana nafasi yake. Tangazo la siku ya chanjo baada ya sala ya Ijumaa huwafikia watu wengi kwa mara moja, na likitoka mimbarini humwondolea mkulima haya ya kutokea na kamba mkononi. Huko delta, ambako msikiti upo hata mahali ambapo zahanati iko mbali, tangazo hilo laweza kuwa ndilo litakalomfanya baba wa kijijini aseme mbele za wenzake: mbwa huyu ni wangu, nimekuja kumchanja.

Wallahu a'lam.